Kupanda na Soni, kushuka na Mkumbara: wiki moja kwa miguu Usambara Magharibi

Ukitaja Lushoto, wengi wanakwambia Irente: simama kwenye jabali, piga picha, nunua jibini na mkate, rudi Dar. Hakuna ubaya. Ila mimi nilitaka kuufuata mzigo. Kwa zaidi ya miaka mia moja milima hii imekatwa barabara na watu waliotaka kushusha kitu: mbao, kahawa, chai, na siku hizi kabichi. Karibu kila njia kubwa inaelekea kulekule chini, kwenye reli ya Tanga.

Kwa hiyo mzunguko niliuchora hivi: kupanda kwa miguu kutoka Mombo kwa bonde la Soni, kupitia Gare hadi Lushoto, kisha Magamba, Lukozi na Shume, halafu kushuka ukingo wa magharibi hadi Mkumbara, mahali ambapo Wajerumani walikuwa na kituo cha chini cha njia ya waya ya kuteremshia magogo. Mtae, kijiji cha ukingoni kaskazini zaidi, niliiacha makusudi. Ni pazuri sana, lakini inahitaji safari yake, na kwa wiki moja ungeishia kukimbia.

Nilikwenda na binamu yangu, fundi wa kuchomelea wa Tanga, mtu asiyeweza kupita chuma chenye kutu bila kukiinamia. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni tulizolipa sisi mwishoni mwa Septemba.

Jumatatu: Dar hadi Mombo

Basi la Lushoto kutoka stendi ya Magufuli, sh 23,000, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulipasuka tairi kabla ya Segera, spea nayo ikawa haina upepo, tukakaa kando ya barabara karibu saa mbili tukila machungwa. Basi lilikuwa linapanda mpaka juu, lakini sisi tulishuka Mombo, na konda alituona kama wagonjwa: "Mmelipa Lushoto mnashukia joto?"

Joto lilikuwepo kweli. Tulitua mizigo gesti (sh 15,000, feni inafanya kazi, chandarua kina matundu), tukaenda stesheni kabla giza halijaingia.

Mombo ndiko hadithi yote inakoanzia. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikasuasua, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kwa miaka kadhaa hapa kati, Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa reli: chochote kilichotoka milimani kilipakiwa hapa, na chochote kilichokwenda milimani kilishushwa hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wakatandika kijireli chembamba cha matoroli kutoka Mombo kwenda Handeni, ili wapitishe vifaa kuelekea kusini. Hicho sikukitafuta, binamu alitaka, nikamkumbusha kwamba tumekuja kupanda mlima.

Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe alituuliza kama tunasubiri treni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasema vijana wa siku hizi wakija stesheni wanakuja kupiga picha za harusi. Treni ya abiria ilirudi kwenye njia hii Desemba 2019 baada ya kukosekana miaka mingi. Ukitaka kuja nayo, hakikisha ratiba mwenyewe kabla hujafunga begi.

Chakula: perege wa kukaanga, ugali na mchicha, sh 4,000. Wali wa Mombo pia ule, kwa sababu mashamba ya mpunga ya hapa yananyweshwa na maji ya mto Soni, na kesho yake utaufuata mto huohuo.

Jumanne: Mombo hadi Soni

Tulianza saa kumi na moja alfajiri kwa tochi, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Barabara ya lami ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 32, na nusu ya kwanza ndiyo yenye mwinuko mkali. Haina njia ya waenda kwa miguu. Upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na katikati Noah zinazopishana kwa honi. Watoto wa shule wanajua njia za mkato zinazokata kona. Tulipowaona wakichepuka tuliwafuata, na mara zote walitutoa salama, ila moja ilipita katikati ya zizi la mbuzi.

Karibu nusu ya njia tulikuta Fuso imesimama, mawe makubwa chini ya matairi, na harufu ya breki zilizoungua. Kabichi zilikuwa zimerundikwa mpaka juu ya bodi. Dereva na tingo wake walikuwa wamewasha moto mdogo pembeni wakichemsha viazi, bila haraka hata kidogo. "Ukishuka hapa na mzigo kwa gia kubwa umekwisha," dereva alisema. "Gia ya pili, breki unagusa tu. Huyu mdogo wangu aligusa sana." Tingo alitazama chini. Walitukaribisha viazi kwa chumvi na pilipili kichaa, tukala tumechuchumaa. Mzigo ulikuwa wa Ilala na ulitakiwa sokoni usiku uleule. Nilipotoa pesa ya soda alikataa, akasema nikifika juu nimwambie mtu fulani pale Soni kwamba wamekwama lakini wako salama. Tulifikisha salamu, na tukapewa chai ya bure kwa ajili hiyo.

Soni tuliingia saa saba mchana, miguu ikiwaka. Maporomoko yako kando ya barabara kabisa. Hapa ndipo barabara ya Bumbuli inapochepuka kwenda kwenye mashamba ya chai. Kama una siku ya ziada, itumie huko. Sisi hatukuwa nayo.

Gesti sh 12,000. Usiku tuliomba blanketi la pili.

Jumatano: Soni, Gare, Lushoto

Badala ya lami tulipita Gare, kwa njia ya vumbi inayopanda na kushuka kati ya migomba, kahawa na mahindi. Mashamba yamekaa kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani asingefunga hata mbuzi. Watawa wa Trappist walifika Gare mwaka 1897, na kanisa na majengo ya misheni bado yanatawala kilima. Tulisalimiwa kwa Kisambaa, "Onga mshi," tukajibu vibaya, wakacheka, wakatuuzia mapeasi manne kwa sh 500 kisha wakatuongeza mawili.

Njiani nilikuwa nikifikiria jambo moja ambalo hutalikuta kwenye kibao chochote cha utalii. Lushoto wakati wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, na walowezi walilalamika daima kwamba hawapati vibarua, kwa sababu Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kulima ya mtu mwingine. Mwaka 1907 wilaya hii ikaletewa kipande: kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 ndani ya kila miezi minne. Ukizijua siku hizo 30, barabara nzuri zenye kuta za mawe huzitazami tena vilevile. Vibao vya utalii vya Lushoto vinasifu mandhari na hali ya hewa. Aliyebeba mawe hatajwi.

Mji wenyewe una kila kitu: benki, soko, maduka ya dawa, chipsi mayai. Toa pesa hapa. Mbele utategemea wakala wa simu, na wakala wa kijijini huweza kuishiwa salio. Hapa pia ndipo pa kuulizia kibali cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba na kutafuta kiongozi. Malipo ya serikali ni kwa namba ya malipo kupitia simu, kwa hiyo yamalize mjini penye mtandao. Kiongozi tulimpata kwa sh 30,000 kwa siku, kwa wote wawili. Raia wa Tanzania analipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Beba kitambulisho cha taifa.

Alhamisi: msitu wa Magamba

Magamba ni baridi na ukungu, na miti imevaa ndevu za kuvu. Mbega walituona kabla hatujawaona. Kiongozi wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alibandua kipande kidogo cha gome lililoanguka akatupa tunuse: harufu ya dawa ya kuchua. "Mkulo," alisema. Ndio mti wa kafuri, uliopewa jina la kitaalamu la *Ocotea usambarensis* kwa ajili ya milima hii, na ndio mmoja wa miti iliyoviponza vilima hivi, maana mbao yake ni ngumu na wadudu hawaipendi.

Baadaye, bondeni karibu na mto, tulifika kwenye mabaki ya kiwanda cha mbao. Kiongozi alisema kilikuwa cha Kalasinga, na kwamba babu yake aliwahi kufanya kazi hapo ya kuviringisha magogo. Hapa nilifurahi kuwa na binamu. Mimi niliona zege na majani. Yeye alizunguka mara mbili, akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja, akaanza kusoma: "Hizi boliti nne ni za injini. Ilikaa hapa, ikitazama huku. Shafti ilipita kwenye huu mfereji. Puli kubwa hapa, mkanda unakwenda kule, na msumeno ulikuwa pale uliposimama wewe." Nilisogea. Alipima kwa hatua umbali kutoka boliti hadi boliti, akatikisa kichwa kwa heshima. Boliti zilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na nati zake bado zimekaza. Alijaribu kuilegeza moja kwa vidole, nadhani kwa mazoea tu.

Kiongozi alituonyesha pia handaki linaloitwa la Wajerumani. Jembamba, lina popo, na utatoka na matope mgongoni. Kama una haraka, lipite.

Tulilala Magamba. Makande ya mama mmoja pale njia panda, sh 1,500 sahani iliyojaa, ndiyo chakula bora cha safari nzima, na ninasema hivyo nikikumbuka vizuri vile viazi vya dereva.

Ijumaa: Lukozi

Barabara ya vumbi, mikaratusi, kona, vumbi tena. Tulitembea hadi adhuhuri kisha tukadandia kosta, sh 3,000, tukiwa tumekaa juu ya kiroba cha mbolea.

Lukozi ndiko mzigo wa leo unakofungwa. Ukifika jioni utakuta Fuso zimejipanga, madalali wanapiga simu, na vijana wanafunga viazi mviringo. Tulisimama kumwangalia kijana mmoja kwa muda mrefu. Kwanza aliujaza mfuko kawaida mpaka mdomoni. Kisha akasuka kamba mdomoni kama wavu, akaanza kuingiza viazi kimoja kimoja kati ya nyuzi, akikaza, akigonga kwa ngumi, akiongeza, mpaka mfuko ukaota nundu nusu ya urefu wake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza na kila mtu pale anajua inaikataza. Nilimuuliza mkulima aliyekuwa pembeni kwa nini anakubali kuuza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni: "Kaka, viazi vikishachimbwa havisubiri. Dalali anasubiri."

Usiku hautalala sana. Malori yanaondoka moja moja hadi karibu na alfajiri. Gesti sh 10,000, maji ya moto ya ndoo sh 500, na yanastahili.

Jumamosi: Shume, na mvua

Kutoka Lukozi tulikwenda kijiji cha Viti na kuingia Shamba la Miti Shume, ambako misindano na misaiprasi imepandwa kwa mistari hadi macho yanachoka. Hapa ndipo palipokuwa na mierezi ya asili, ambayo wenyeji huiita mwangati. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilipewa eneo hili na serikali ya Kijerumani, ikajenga kiwanda cha mbao na kukiita Neu-Hornow. Mwangati ni mti unaofaa sana kwa penseli: laini, unachongeka bila kupasuka. Mtoto wa shule Ulaya aliweza kushika kijiti cha Shume mkononi bila kujua Shume iko wapi.

Mvua ilitukuta katikati ya msitu saa nane. Si mvua ya kuogopesha, ila baridi, ile inayoingia shingoni. Tulikimbilia kwenye kibanda ambapo vijana walikuwa wakipasua mbao kwa mashine ndogo ya kuhamishika wanayoiita ding'dong. Walizima injini, wakatupisha karibu na moto wa maranda. Mmoja wao alimpigia simu mama yake, na jioni tukajikuta kijijini, nyumbani kwa mama huyo, tukikausha soksi juu ya jiko la mkaa. Alitupa chumba cha watoto wake. Watoto walihamia kwa bibi yao, na walionekana kufurahia.

Baba wa nyumba, mzee wa miaka mingi, alituuliza tumefuata nini. Nilipomwambia njia ya waya, alicheka. "Mjukuu wangu, hiyo hata mimi sikuiona. Baba yangu ndiye aliisikia. Alisema usiku unasikia waya unalia." Asubuhi nilijaribu kumlipa mama. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea sh 10,000 kwa sharti kwamba ni za madaftari ya watoto. Ukienda, beba sukari na majani ya chai. Ni rahisi kupokelewa kuliko noti.

Jumapili: kushuka Mkumbara

Usishuke bila mwenyeji. Ukingo ni mkali, njia zinagawanyika, na ramani ya simu inaonyesha kijani kitupu. Kijana wa Viti alitushusha kwa sh 30,000, naye alikuwa anakwenda Mkumbara kwa shughuli zake hata hivyo.

Njia ya waya ilijengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, miaka michache kabla ya vita. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 9, ukishuka zaidi ya mita 1,300 kutoka ukingoni hadi relini. Mfumo wa Bleichert ulitumia waya za aina mbili: moja nene isiyosogea, ambayo vigari vilining'inia juu yake kwa magurudumu, na nyingine nyembamba inayozunguka na kuvivuta. Kwenye mteremko kama huu gogo lenyewe ndilo injini. Kigari kinachoshuka kimejaa kinavuta kinachopanda kitupu, na kazi kubwa ni ya breki. Nilipomweleza binamu hivyo, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe yule tingo wa Fuso angefaa hapa kujifunza."

Kijana wetu alituonyesha misingi ya mawe vichakani, miwili tu, mmoja umeota mti katikati. Chini zaidi, kwenye boma la mbuzi, mlango ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya mnene uliosukwa. Binamu aliinama, akahesabu nyuzi, akasema waya huu haukutengenezwa kwa ajili ya mbuzi. Mwenye boma alisema ameukuta hapo tangu utoto wake. Inawezekana ni wenyewe, inawezekana ni wa winchi ya baadaye. Alitupa maji ya kunywa na kutuuliza kama tunanunua chuma chakavu.

Kushuka kulituchukua saa tano na nusu. Kila mita mia joto linaongezeka, migomba inaisha, mibuyu inaanza, na magoti yanatetemeka hata ukiwa umesimama. Beba maji lita tatu kwa mtu. Njiani hakuna pa kununua.

Mkumbara ni barabara kuu, reli, vibanda na vumbi. Hakuna kibao. Kwa mtambo uliokuwa wa namna hii, mtu angetegemea angalau bango lenye mchoro. Wilaya inayochapisha vipeperushi vya maporomoko ingeweza kuchapisha na kimoja cha hili. Tulikula mishikaki na ndizi za kuchoma, sh 3,500, tukasimamisha basi lililotoka Arusha. Konda alitaka sh 8,000 hadi Mombo, tukamalizana kwa 4,000. Njiani tulipita Mazinde, alikohamia Semboja, mwana wa Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Semboja alishuka kutoka milimani karne ya 19 ili akae kwenye njia ya misafara. Naye aliujua mzigo unapita wapi. Leo pande zote ni mkonge.

Kwa kichwa tulitumia kama sh 230,000, nauli ya Dar kwenda na kurudi ikiwemo. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu mteremko wa Mkumbara kabisa. Mwenye magoti mabovu anaweza kuugeuza mzunguko aanzie Mkumbara, lakini aanze kupanda saa tisa usiku, la sivyo jua la tambarare litamkuta nusu ya ukingo. Namba ya kijana aliyetushusha siiweki hapa. Ukifika Viti ulizia kijiwe cha bodaboda nani anashuka Mkumbara kesho, hukosi mtu.